Anayeugua Ana Kisa: Mgonjwa kama Msimulizi katika Sajili ya Hospitali na katika Fasihi

Utangulizi

Ni nadra kumpata mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili ambaye hajawahi kufunza sajili ya hospitali. Swali la isimujamii katika Karatasi ya Pili ya KCSE hutengewa alama 10, na mazungumzo baina ya daktari na mgonjwa ni mojawapo ya matini zinazopendwa sana na watahini. Mtahiniwa aliyejiandaa huziorodhesha sifa za sajili hii bila kusita: msamiati maalumu, maswali na majibu, lugha ya upole, lugha ya kutia moyo, tasfida, kuchanganya ndimi. Akizitaja na kuzitolea mifano kutoka kwa matini, huzoa alama zake na kusonga mbele.

Makala haya yananuia kuuliza swali ambalo orodha hiyo hailigusi. Katika mazungumzo hayo, ni nani anayesimulia, na ni nani anayesikilizwa? Swali hili ni la kifasihi kabla ya kuwa la kitabibu. Mhakiki hujifunza mapema kutofautisha kisa na usimulizi, na kuchunguza ni mhusika yupi amepewa sauti na ni yupi anayesemewa na wengine. Tunadai kuwa mgonjwa, hasa yule anayeishi na maradhi ya kudumu yenye matatizo mengi, ni msimulizi anayestahili kusomwa kwa makini aleale tunayowasomea wasimulizi wa riwaya. Aidha, tunadai kuwa orodha ya sifa tunayoikaririsha darasani huuficha ukweli huu badala ya kuufichua.

Ili mjadala usielee hewani, tutautia nanga katika ugonjwa mmoja, yaani selimundu. Tumeuchagua kwa sababu tatu. Kwanza, ni ugonjwa ulio miongoni mwetu, hasa katika kaunti zinazopakana na Ziwa Viktoria na zile za pwani. Pili, dalili yake kuu ni maumivu, na maumivu hayaonekani kwa macho. Tatu, jina lenyewe la ugonjwa ni tamathali, nasi walimu wa fasihi tuna la kusema kuhusu tamathali.

Sajili ya hospitali: yanayofunzwa na yanayoachwa

Tutazame mazungumzo yafuatayo, ambayo tumeyatunga kwa matumizi ya darasani. Mgonjwa ni msichana wa kidato cha tatu anayeishi na selimundu.

Daktari: Unaumwa wapi?
Mgonjwa: Daktari, yalianza jana usiku kwenye kiuno, halafu –
Daktari: Kiuno tu?
Mgonjwa: Yameshuka miguuni. Si kama yale ya mwezi uliopita. Yale yalikuwa –
Daktari: Una homa?
Mgonjwa: La.
Daktari: Umekula?
Mgonjwa: Sijaweza.
Daktari: Damu yako iko jinsi ilivyokuwa mwezi uliopita. Pole. Utapewa dawa ya kutuliza maumivu, urudi Jumatatu.
Mgonjwa: Daktari, nilitaka kusema kwamba –
Daktari: Mwambie anayefuata aingie.

Mtahiniwa wa kawaida hatatatizika hapa. Atataja msamiati (homa, damu, dawa), maswali na majibu, sentensi fupi, na lugha ya upole (Pole). Majibu hayo ni sahihi. Hata hivyo, mtahiniwa huyo atakuwa ameyasoma mazungumzo yote bila kugundua kwamba msichana amekatizwa mara tatu, na kwamba hakuna sentensi ndefu hata moja aliyoruhusiwa kuikamilisha. Kistari kinachofunga kauli zake tatu ni alama ya kudakizwa, nacho hubeba maana nzito kuliko neno lolote la msamiati wa tiba.

Isitoshe, kuna kinaya katika mazungumzo haya. Msichana anasema maumivu ya leo si kama ya mwezi uliopita. Daktari anajibu kwamba damu ni ile ile ya mwezi uliopita. Kila mmoja anasema kweli, lakini kauli ya daktari hailijibu lile lililosemwa. Mgonjwa amelinganisha maumivu mawili anayoyajua kwa mwili wake. Daktari amelinganisha tarakimu mbili za maabara. Mgonjwa wa siku nyingi hafiki kliniki akiwa hajui lolote. Huja na kumbukumbu ya maumivu mengi, na neno lake la thamani kuu ni hilo hasa: leo ni tofauti. Neno hilo ndilo lililokatwa kabla ya kuelezwa.

Tusidhani kwamba jambo hili ni zao la mawazo ya mwandishi wa tamthilia. Mwaka wa 1984, watafiti wawili wa Marekani, Beckman na Frankel, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa mikutano 74 baina ya madaktari na wagonjwa. Waligundua kwamba kwa wastani daktari aliingilia maelezo ya mgonjwa baada ya sekunde 18, na kwamba ni katika mikutano 17 pekee ambapo mgonjwa alimaliza kauli yake ya kwanza. Mwaka wa 1999, uchunguzi mwingine wa Marekani ulipata wastani wa sekunde 23. Kisha mwaka wa 2002, watafiti wa Basel nchini Uswisi waliwaomba madaktari wasikilize tu bila kukatiza hadi mgonjwa atulie mwenyewe. Wengi waliogopa kwamba wagonjwa wangezungumza bila kikomo. Wastani uliopatikana ulikuwa sekunde 92. Dakika moja na nusu, muda usiotosha hata kukariri shairi la beti kumi, ndio uliotosha mgonjwa kukisema kisa chake.

Jina la ugonjwa ni la nani?

Neno selimundu limeundwa kwa kuunganisha seli na mundu. Msingi wake ni mfanano wa umbo: chembe nyekundu za damu, ambazo kwa kawaida ni za mviringo, hujikunja na kufanana na mundu wa kukatia nyasi. Chembe hizo huziba mishipa midogo, nayo sehemu iliyonyimwa damu na oksijeni huuma. Maumivu yanaweza kudumu kwa siku kadhaa. Mtu hurithi ugonjwa huu kutoka kwa wazazi wote wawili. Ikiwa wote ni wabebaji, kila mimba ina uwezekano wa moja kwa nne wa kumpata mtoto mwenye ugonjwa.

Jazanda ya mundu ni nzuri, lakini mhakiki hana budi kuuliza: ni nani aliyeuona mundu huo? Jibu ni kwamba uliwahi kuonekana na mtu aliyechungulia kwenye darubini. Mwenye kuugua hajawahi kuuona. Jina hili limetungwa kwa nafsi ya mtazamaji.

Historia ya jina inathibitisha hilo. Mwaka wa 1910, daktari James Herrick wa Chicago alichapisha maelezo ya mgonjwa aliyekuwa na upungufu mkubwa wa damu na chembe zenye umbo la mundu. Maandishi hayo ndiyo yanayohesabiwa kuwa ya kwanza ya kitabibu ya Magharibi kuuelezea ugonjwa huu. Mgonjwa mwenyewe hakutajwa jina. Alikuwa mhusika asiye na sauti katika matini iliyoandikwa kumhusu. Iliwachukua watafiti wa historia hadi mwaka wa 1989 kueleza kwa ukamilifu yeye alikuwa nani: Walter Clement Noel, kijana kutoka kisiwa cha Grenada, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno. Alihitimu, akarejea kwao, akafanya kazi hiyo hadi alipofariki mwaka wa 1916 akiwa bado kijana. Kwa muda wa karibu miaka 80 ulimwengu ulizijua chembe zake za damu kuliko ulivyomjua mwenyewe. Hapa tuna mfano bora wa kumfunzia mwanafunzi tofauti kati ya mhusika na msimulizi.

Kwa upande mwingine, daktari wa Ghana, Konotey-Ahulu, ambaye alitoka katika ukoo uliokuwa na ugonjwa huu, ameandika kwamba watu wa Afrika Magharibi waliujua na kuupa majina kabla ya darubini ya Chicago. Wagaa waliuita chwechweechwe. Waewe waliuita nuidudui, na Wafante nwiiwii. Mwalimu wa fasihi ayatamke majina haya kwa sauti mbele ya darasa. Ni takriri, silabi inajirudia na kujirudia kama maumivu yanayotafuna bila kupumzika. Mtu hahitaji kujua lugha hizo ili kuhisi kazi inayofanywa na sauti. Majina hayo yametungwa kwa nafsi ya anayeumia. Jina moja lilitoka kwenye kioo cha darubini, na jingine lilitoka kinywani mwa mgonjwa aliyekuwa amesikilizwa na jamii yake.

Kiswahili nacho si maskini katika jambo hili. Kitenzi kuugua kina maana mbili: kuwa mgonjwa, na kutoa sauti ya maumivu, yaani kupiga kite. Kwa mujibu wa lugha yetu, basi, kuwa mgonjwa ni kutoa sauti. Tukikinyambua kitenzi hicho tunapata kuuguza, na kutokana nacho muuguzi, anayekaa karibu na mwenye kuugua. Lugha imeweka sauti ya mgonjwa na kazi ya mtunzaji katika mzizi mmoja. Asiyeisikia sauti hiyo anauguza nini?

Methali: sikio limewekwa upande gani?

Fasihi simulizi imebeba hekima nyingi kuhusu maradhi, lakini hekima hiyo haisemi kwa kauli moja. Tuanze na methali tatu zinazojulikana na kila mtahiniwa: Mficha maradhi kifo humuumbua, Sikio la kufa halisikii dawa, Asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

Methali ya kwanza inamtwika mgonjwa jukumu la kusema. Ya pili na ya tatu zinampa jukumu la kusikia. Mgonjwa ndiye anayepaswa kufungua kinywa, na ni yeye tena anayepaswa kufungua sikio. Hakuna hata moja kati ya hizo tatu inayomuuliza mkuu kama naye alisikiliza. Je, yule ambaye hakuficha maradhi yake, aliyeyasema leo na kesho na mtondo, na hakusikilizwa, ataumbuliwa na nini? Methali imenyamaza.

Iko methali nyingine inayostahili uhakiki wa makini: Mgonjwa haulizwi uji. Kwa kawaida tunaifafanua kuwa wito wa ukarimu, kwamba mhitaji asaidiwe bila kungojea aombe. Maana hiyo ni njema. Lakini tukiisoma kwa jicho la pili tutaona kwamba mgonjwa katika methali hii hana kauli. Anapewa, haulizwi. Kwa mtu mwenye homa ya siku mbili, hilo ni sawa. Kwa mtu ambaye ataugua maisha yake yote, kutoulizwa ni kunyang'anywa utu wake siku baada ya siku.

Hata hivyo, jamii iliyotupa methali hizo ilitupa pia za kuzijibu. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Hizi zinatambua kuwa kuna ujuzi usiopatikana ila kwa kupitia jambo lenyewe. Zinampa mgonjwa mamlaka ya mjuzi. Mwalimu anayewaelekeza wanafunzi kuandika insha ya methali anaweza kuyapambanisha makundi haya mawili, na insha itakayozaliwa itakuwa na mgogoro wa kweli badala ya kile kisa kilichochakaa cha kijana aliyepuuza ushauri akaangamia.

Mgonjwa katika tamthilia

Watahiniwa wanaosoma Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, wanamfahamu Sara, mama anayeugua kwa muda mrefu. Ugonjwa wake ndio unaoisukuma sehemu kubwa ya matukio. Ni kwa sababu ya matibabu yake ambapo tunaona bidii ya bintiye Neema, msimamo wa mkwe wake Bunju kuhusu mila, na hali ya mumewe Yona. Katika majibu ya watahiniwa, Sara hutumiwa kuthibitisha maudhui ya ndoa, utamaduni, nafasi ya mwanamke na majukumu ya watoto kwa wazazi.

Majibu hayo yanakubalika. Lakini tunapendekeza zoezi jingine. Mwanafunzi aifungue tamthilia na kuzisoma upya sehemu zote zinazogusa ugonjwa wa Sara, kisha aziweke katika safu mbili: zile ambapo Sara mwenyewe anaueleza ugonjwa wake, na zile ambapo wengine wanauzungumzia. Baada ya hapo ajiulize: maneno ya Sara yanapokewaje? Anaulizwa maswali gani, na nani? Ni wakati gani anayekaa naye anamsikiliza, na ni wakati gani anamjibu kabla hajamaliza? Mtahiniwa aliyefanya kazi hiyo atakuwa na la kusema kuhusu sifa za Sara ambalo halipatikani katika mwongozo wowote wa kununuliwa dukani.

Tamthilia ya awali ya mwandishi huyo huyo, Mstahiki Meya, inatuongezea jambo ambalo haki inatulazimu tulitaje. Humo tunakutana na Daktari Siki, anayeijua shida ya wagonjwa na kuwatetea mbele ya uongozi, huku hospitali ikikosa dawa. Siki ana sikio, ila mikono yake imefungwa. Kwa hivyo, ni makosa kumgeuza kila daktari kuwa mhusika mbaya wa hadithi. Kutosikilizwa kwa mgonjwa mara nyingine huanzia mbali na chumba cha daktari: kwenye bajeti, kwenye foleni inayozunguka jengo, kwenye zamu isiyokwisha.

Je, kusikiliza ni kukubali?

Msomaji anaweza kutupinga akisema: daktari si mhakiki wa fasihi. Damu haidanganyi, mgonjwa huweza kukosea, na wagonjwa 60 wanangoja nje. Pingamizi hili lina uzito na linastahili kujibiwa.

Kwanza, kusikiliza si kukubali kila neno. Mhakiki hamwamini msimulizi kwa sababu tu amesimulia. Tunawafunza wanafunzi kwamba yuko msimulizi anayeaminika na asiyeaminika. Lakini hakuna mhakiki anayeruhusiwa kutoa hukumu hiyo baada ya kusoma ukurasa mmoja. Husoma matini yote, hulinganisha sehemu na sehemu, ndipo atoe hoja. Daktari anayemkatiza mgonjwa kisha akaamua kuwa anatia chumvi amefanya lile tunalowakataza watahiniwa wetu: amejibu swali kabla ya kusoma dondoo.

Pili, maabara ina mipaka yake. Hakuna kipimo cha damu kinachoonyesha ukubwa wa maumivu ya selimundu. Mgonjwa anaweza kuwa katika maumivu makali huku tarakimu zake zikiwa zile zile za kila siku. Mwaka wa 2019, matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watoto wa Angola, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, Uganda na Kenya, ambako kituo chake kilikuwa Kilifi, yalionyesha kwamba dawa ya haidroksiyurea ilipunguza vipindi vya maumivu. Tunaipongeza sayansi hiyo. Lakini tujiulize: maumivu ya mtoto yangejulikana vipi kuwa yamepungua asipokuwapo mtoto wa kusema, au mzazi wa kusema kwa niaba yake, na mtu wa kuandika walichosema? Sayansi yenyewe imesimama juu ya ushahidi wa msimulizi.

Tatu, ugonjwa huu haukai mahali pamoja. Unaweza kugusa figo, wengu, macho, mapafu, mifupa ya nyonga, hata ubongo. Mgonjwa hutumwa kliniki hii kwa macho, ile kwa mifupa, nyingine kwa damu. Kila daktari amesoma sura moja. Mgonjwa pekee ndiye aliyeisoma riwaya nzima. Asipoulizwa, hakuna mwingine wa kuunganisha sura hizo.

Nne, gharama ya kutosikiliza yaweza kuwa uhai. Mnamo Aprili 2019, kijana wa miaka 21 aliyekuwa na selimundu alikuwa amelazwa katika hospitali moja ya London. Akiwa kitandani humo humo wodini, aliipigia simu nambari ya dharura ya taifa kuomba msaada wa oksijeni. Alifariki siku chache baadaye. Kisa chake kilichangia kuundwa kwa uchunguzi wa kundi la wabunge wa vyama vyote vya Uingereza, waliotoa ripoti yao Novemba 2021. Kichwa cha ripoti hiyo, kikitafsiriwa, ni Hakuna Anayesikiliza. Ilieleza jinsi wagonjwa wa selimundu walivyoshukiwa kuwa wanatafuta dawa za kulevya kila walipoomba dawa ya kutuliza maumivu. Haya yalitokea katika nchi yenye mitambo na madaktari wengi. Uhaba wa vifaa, basi, hauwezi kuwa maelezo pekee. Mtu aliyezungukwa na wauguzi alilazimika kupiga simu nje ili asikike.

Kuhusu muda, tumekwisha kuona: sekunde 92.

Lugha ya kutibiwa

Katiba ya Kenya ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi, na katika Kifungu cha 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu cha afya kinachoweza kufikiwa. Haki hizi mbili hukutana katika chumba cha daktari. Mgonjwa anayeandikiwa maelezo kwa lugha asiyoielewa ameguswa katika zote mbili.

Hapa mwalimu wa Kiswahili ana kazi. Mwanafunzi wetu hujua kutaja tashbihi 20 za kupamba insha, lakini akiulizwa na daktari maumivu yake yakoje hujibu: yanauma. Kiswahili kina maumivu ya kuchoma, ya kukata, ya kupwita, ya kuvuta, ya kunyonga. Kuna kufukuta, kuwanga na kuwashwa. Kichwa huwanga, jipu hupwita, tumbo husokota. Msamiati huu haustahili kufunzwa kama pambo. Ni chombo ambacho siku moja kitamwezesha mtu kueleza kwa nini maumivu ya leo si ya mwezi uliopita. Vilevile, wapo miongoni mwa wanafunzi wetu watakaokuwa madaktari na wauguzi. Watakumbuka kidogo sana kuhusu ngeli; heri wakumbuke kwamba kistari mwishoni mwa kauli huonyesha mtu aliyekatizwa.

Darasani na bwenini

Tungekuwa wanafiki tukimkosoa daktari na kumsahau mwalimu. Mwanafunzi mwenye selimundu huishi nasi kuliko anavyoishi na daktari. Baridi, uchovu mwingi na upungufu wa maji mwilini huweza kuchochea maumivu yake. Fikiria ratiba ya shule ya bweni: maji baridi alfajiri, mbio za asubuhi, sweta linalokatazwa kwa kuwa si la rangi ya sare. Figo zake hupitisha maji mengi, hivyo huomba ruhusa ya kwenda msalani mara kwa mara, na mara kwa mara huambiwa anatoroka somo. Akienda zahanati ya shule mara ya tatu kwa wiki, neno linalomngoja ni lile lile: anajifanya.

Anajifanya ni uhakiki wa matini. Ni hukumu kwamba msimulizi haaminiki. Je, tuliisoma matini kabla ya kuitoa? Tuliuliza swali moja lililo wazi na kungoja jibu hadi mwisho? Mwalimu hahitaji shahada ya tiba ili kuruhusu chupa ya maji darasani, sweta la ziada, ruhusa ya msalani isiyo na mahojiano, na nafasi ya kufidia mtihani uliopita mwanafunzi akiwa wodini. Anahitaji kusikia mara moja tu, kisha aamini kwamba mwenye mwili anaujua mwili wake.

Hitimisho

Tumejaribu kuonyesha kwamba sajili ya hospitali ni zaidi ya orodha ya sifa. Ni uwanja ambamo wasimulizi wawili wasio na mamlaka sawa hukutana, na ambamo ukatizaji, ukimya na majina ya magonjwa huonyesha nani mwenye kauli. Tumeona kwamba jina selimundu lilitoka kwa aliyetazama, ilhali chwechweechwe lilitoka kwa aliyeumia. Kwamba methali zetu zimeweka sikio upande wa mgonjwa, ingawa nyingine humtambua kuwa mjuzi. Na kwamba kusikiliza kwa makini hakupingani na sayansi, bali huilisha. Mwalimu atakapofika tena kwenye mada hii, tunamsihi asiishie kwenye msamiati. Awaulize wanafunzi wahesabu ni nani aliyemaliza sentensi yake.

Maswali ya mjadala

1. Yasome upya mazungumzo ya daktari na msichana yaliyo katika makala haya. Yaandike tena ukimruhusu msichana kukamilisha kauli zake tatu. Eleza jinsi sifa za sajili zinavyobadilika.

2. "Mgonjwa haulizwi uji." Jadili ukweli na udhaifu wa methali hii kwa kurejelea maisha ya mtu anayeugua maradhi ya kudumu.

3. Kwa kurejelea Bembea ya Maisha, bainisha namna kauli za Sara kuhusu hali yake zinavyopokewa na wahusika wengine.

4. Chagua ugonjwa mmoja wenye jina katika lugha ya kwenu. Je, jina hilo limetungwa kwa nafsi ya anayetazama au ya anayeugua? Thibitisha.